Kijana wa Dukani: Namna ya Kumpata, Kumpima na Kufanya Naye Kazi

Duka likishapata wateja wa kutosha, mwenyewe hufika mahali ambapo hawezi tena kwenda Kariakoo kufuata mzigo bila kufunga mlango. Hapo ndipo wazo la kuajiri linapokuja, na mara nyingi huja kwa pupa. Jirani anaulizwa, shangazi kijijini anapigiwa simu, na kabla wiki haijaisha kuna kijana nyuma ya kaunta ambaye mwenye duka hajui hata jina la baba yake. Miezi michache baadaye yanasikika maneno yaleyale: vijana wa siku hizi si waaminifu.

Wezi wapo, hilo halina ubishi. Lakini sehemu kubwa ya ugomvi kati ya wenye maduka na wauzaji wao huzaliwa na mambo ambayo hayakuhesabiwa, hayakuandikwa na hayakusemwa tangu siku ya kwanza. Mzigo haukuhesabiwa kijana alipokabidhiwa duka, kwa hiyo hakuna anayejua kilichopotea. Mshahara ulitajwa kwa mdomo, kwa hiyo kila upande una kumbukumbu yake. Waliotutangulia walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Ukisoma mwongozo huu utaona kwamba karibu kila ushauri ndani yake unarudi kwenye daftari.

Tumechukua mfano wa duka la rejareja la Tanzania Bara lenye mfanyakazi mmoja hadi wanne, pengine na kibanda cha uwakala wa fedha pembeni. Anayeendesha mgahawa, saluni au duka la vifaa vya ujenzi atakuta mengi yanamhusu. Aliyeko Zanzibar ajue kwamba huko kuna Sheria ya Ajira yake, ya mwaka 2005, na mfuko wake wa hifadhi ya jamii, ZSSF.

Piga hesabu kabla ya kutafuta mtu

Swali la kwanza ni kama biashara inamudu mtu. Wengi huangalia mshahara peke yake. Tuseme umekubaliana na muuzaji shilingi 400,000 kwa mwezi. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na kwa kawaida mwajiri hutoa 10 na mfanyakazi hukatwa 10. Wewe unaongeza 40,000. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, huchangiwa na mwajiri peke yake, asilimia 0.5, yaani 2,000. Gharama yako imefika 442,000 kabla hujahesabu chai ya saa nne na nauli.

Kwa upande wa kijana, mshahara wake unapungua 40,000 ya NSSF na kubaki 360,000. Kodi ya mapato haikatwi kwenye 270,000 za mwanzo, na kiasi kinachozidi hapo mpaka 520,000 hukatwa asilimia 8. Kwa hiyo 90,000 iliyozidi inatoa kodi ya 7,200, naye anaondoka na 352,800. Mwonyeshe hesabu hii siku mnayokubaliana mshahara. Aliyeahidiwa laki nne akapokea laki tatu na nusu bila maelezo huanza kazi akiamini kwamba ameibiwa.

Kima cha chini cha mshahara hupangwa na serikali kwa kila sekta kwa Amri ya Mishahara, na viwango hubadilika. Uliza ofisi ya kazi ya mkoa wako kiwango cha sasa cha sekta ya biashara kabla ya kutaja bei. Usiige anacholipa jirani, maana naye huenda aliiga kwa mwenzake.

Hesabu ya pili ni ya saa. Duka linalofunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 3 usiku linakaa wazi saa 14 kwa siku, saa 98 kwa wiki ya siku saba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida za kazi kuwa zisizozidi 45 kwa wiki, saa 9 kwa siku, siku 6. Kwa hiyo saa 98 ni kazi ya watu wawili na kidogo kinabaki. Ukimweka mmoja peke yake, utakuwa unavunja sheria na pia utakuwa na muuzaji aliyechoka, anayekosea chenji ifikapo jioni. Panga zamu mbili, au shika zamu moja mwenyewe, au punguza saa za kufungua. Maduka mengi ya mtaani yakichunguza mauzo yake saa kwa saa yatakuta kuna saa za mchana ambazo hazilipi hata umeme.

Mwisho, andika kwenye karatasi kazi yenyewe. "Kuuza duka" hakutoshi. Je, atapokea mzigo? Atafanya usafi? Atashika floti ya uwakala? Ataruhusiwa kukopesha wateja, na kama ndiyo, hadi kiasi gani? Karatasi hii ndiyo utakayoitumia kuuliza maswali ya usaili, ndiyo itakayoingia kwenye mkataba, na ndiyo utakayoirejea mkigombana.

Ndugu au mtu baki?

Kuna wanaoapa kwamba ndugu hafai dukani, na wapo wanaoapa kwamba asiye ndugu atakumaliza. Tofauti halisi iko kwenye namna ya kuachana. Mtu baki akishindwa kazi, mnalipana na kuagana. Mpwa akishindwa, habari hufika kwa dada yako, kisha kwa mama, kisha kwenye kikao cha ukoo, na wewe unageuzwa mtu aliyemfukuza mtoto wa mwenzake. Kabla ya kumleta ndugu, jiulize kama utaweza kumwondoa. Kama jibu ni hapana, msaidie ada ya chuo, usimpe kaunta.

Ukiamua kumchukua, mchukue kama mfanyakazi. Apate mkataba uleule, mshahara uleule na hesabu ileile ya jioni. Ubaya wa "wewe ni mwanangu, utakula na kulala hapa, tutaangalia mwisho wa mwaka" ni kwamba kijana hujilipa mwenyewe kidogokidogo, na kwa mawazo yake haibi, anachukua chake.

Kwa mtu baki, waulize wenzako wa biashara, wasambazaji wanaoleta soda na mikate, na vyuo vya VETA kama kazi inahitaji fundi. Wasambazaji huingia maduka mengi kila siku na huona nani anapanga mzigo vizuri na nani humjibu mteja ovyo. Tangazo la kubandika mlangoni linafaa pia, mradi liseme kazi, saa na sifa zinazotakiwa. Umri nao ni sheria: mtoto wa chini ya miaka 14 haajiriwi kabisa, na kwa kazi ya kushika fedha za watu ni busara kuanzia miaka 18.

Usaili wa nusu saa na jaribio la nusu siku

Usaili wa duka dogo hauhitaji meza ndefu. Unahitaji maswali yanayomfanya mtu aeleze alichokwisha kufanya. Swali la "wewe ni mwaminifu?" lina jibu moja duniani kote. Uliza hivi:

– Kazini ulikotoka, jioni mlikuwa mnafungaje hesabu? Aliyewahi kushika duka ataeleza hatua kwa hatua. Ambaye hajawahi atazungukazunguka.

– Siku uliyopata shoti, ulifanya nini? Aliyeshika fedha kwa mwaka mzima akasema hajawahi kupata shoti hata mara moja, mwangalie vizuri.

– Mteja anasema alikupa noti ya elfu kumi, wewe unaona ni ya elfu tano. Unamjibuje?

– Kwa nini uliondoka kule? Sikiliza jibu, kisha ulilinganishe na la mwajiri wake wa zamani.

Halafu mpe hesabu ya kweli. Mteja amechukua sukari robo tatu, sabuni mbili na mafuta ya 2,500, ametoa noti ya 10,000: chenji ni ngapi? Mpe bei, mpe kalamu, umwache. Mweke pia kwenye mizani apime robo kilo mara tano. Utaona mkono wake ukoje na kama anamwaga.

Anayeonekana kufaa mwite kwa jaribio la nusu siku, naye umlipe kwa nusu siku hiyo. Mweke na wewe kaunta wakati wa wateja wengi. Tazama anavyosalimia wazee, anavyokabiliana na mtoto aliyetumwa na kusahau alichotumwa, na anavyofanya wateja wakiisha. Anayechukua kitambaa kufuta rafu bila kuambiwa amekwisha kujibu maswali mengi.

Yako mambo ambayo si yako kuuliza. Sheria inakataza kumbagua mtu kwa kabila, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, maambukizi ya VVU na mengineyo, na katazo hilo linamhusu hata anayeomba kazi. Kwa hiyo swali la "unatarajia kuzaa lini?" liache. Kumlazimisha mtu kupima VVU ili apate kazi kunakatazwa na sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008. Kwa anayeshika chakula, uchunguzi wa afya kwa ajili ya usalama wa chakula ni jambo jingine, na afisa afya wa kata atakuelekeza.

Kuhakiki bila kumdhalilisha mtu

Hatua hii hurukwa kuliko zote, nayo ni ya bei nafuu kuliko zote. Mambo manne yanatosha.

La kwanza, kitambulisho cha Taifa au namba ya NIDA, yenye tarakimu 20. Linganisha picha na sura, na majina na yale aliyokutajia. Baki na nakala, mrudishie halisi. Tabia ya kushikilia vyeti halisi vya shule ili "asikimbie" iache. Mwizi hazuiliwi na cheti cha kidato cha nne, na mtu mwema unamfungia milango ya maisha.

La pili, barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji anakoishi. Ukiweza, nenda mwenyewe umwone mwenyekiti au mjumbe. Wakati mwingine mambo mawili matatu yasiyoandikwa kwenye barua husemwa kwenye benchi la nje ya ofisi.

La tatu, wadhamini wawili, nao uwaone kwa macho. Mdhamini wa duka dogo asichukuliwe kama mtu wa kulipa kila kitakachopotea. Faida yake kubwa ni kwamba anajua nyumbani kwa kijana, na kijana anajua kwamba anajua. Jaza fomu inayosema wazi anadhamini nini, asaini mbele ya ofisi ya mtaa.

La nne, simu kwa mwajiri wa zamani. Usiishie kwenye namba aliyokupa kijana, maana anayepokea anaweza kuwa rafiki yake. Tafuta duka lenyewe. Kisha usiulize kama alikuwa mzuri. Uliza alifanya kazi tangu lini mpaka lini, alishika fedha au hakushika, na kama leo angekuja kuomba kazi angemchukua tena. Kimya kifupi kabla ya jibu la swali hilo la mwisho ni jibu pia.

Nakala zote hizo ni taarifa za mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakutaka uzitunze na uzitumie kwa kazi uliyozichukulia tu. Picha ya kitambulisho cha kijana isizunguke kwenye kundi la WhatsApp la wafanyabiashara kwa sababu amechelewa kazini.

Karatasi moja inayookoa miaka

Sheria inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi anapoanza kazi. Kwa duka, karatasi moja yenye pande mbili inatosha. Iwe na jina, umri, jinsia na anuani ya kudumu ya mfanyakazi, mahali alipoajiriwa na kituo cha kazi, kazi zenyewe, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, saa za kazi, mshahara, namna unavyohesabiwa na siku ya kulipwa, na kitu kingine chochote anachopewa, kama chakula au chumba. Kama hasomi vizuri, msomee na umweleze mpaka aelewe. Saini nakala mbili, moja yake, moja yako, na yako uitunze hata miaka 5 baada ya ajira kwisha.

Anayeona karatasi hii ni ya kumlinda mfanyakazi peke yake hajafika kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Kwenye shauri, mwajiri asipoonyesha maandishi, ni juu yake kuthibitisha au kukanusha sharti la ajira linalobishaniwa. Kijana akidai mlikubaliana 500,000, wewe ukasema 300,000, na huna karatasi, mwenye kazi ya kuthibitisha ni wewe.

Weka kipindi cha majaribio, kwa mfano miezi 3. Kisiwe zaidi ya mwaka. Ndani yake fanya mazungumzo ya kweli kila mwisho wa mwezi: nini kimekwenda vizuri, nini hakijakaa sawa. Kifungu cha kuachishwa kazi isivyo haki hakimhusu aliyefanya kazi kwako chini ya miezi 6, kwa hiyo huo ndio muda wa kuamua. Kumvumilia mtu mwaka mzima kwa kuona haya, kisha kumfukuza siku moja kwa hasira, ndiko kunakowapeleka watu CMA.

Siku ya kwanza: hesabu duka zima

Usimkabidhi mtu duka ambalo hujalihesabu. Funga mapema jioni moja, muorodheshe pamoja kila bidhaa, idadi yake na bei yake ya kuuzia, kisha nyote wawili msaini. Bila orodha hii, kila shoti itakayotokea itakuwa mabishano.

Baada ya hapo hesabu ni nyepesi. Chukua thamani ya mzigo wa mwanzo kwa bei ya kuuzia, ongeza mzigo ulioingia, toa mzigo uliobaki. Jibu ndilo mauzo yanayotakiwa kuonekana kwa fedha taslimu, kwenye simu na kwenye daftari la madeni. Mzigo wa mwanzo ukiwa 3,000,000, ulioingia 1,200,000 na uliobaki 2,900,000, mauzo ni 1,300,000. Kikionekana 1,270,000, una shoti ya 30,000, na mnaweza kuizungumza kwa utulivu.

Kubalianeni mapema hasara ya kawaida. Mfuko wa sukari wa kilo 50 ukiuzwa kwa robo robo hautoi robo 200 kamili. Kidogo humwagika, kidogo huzidi kwenye mizani. Mayai huvunjika, mkate hulala, panya hutoboa mfuko wa unga. Pima mwenyewe mifuko miwili mitatu uone inatoa ngapi, kisha muandike kiwango kinachovumilika. Bosi asiyekubali hata robo moja ipotee humfundisha muuzaji kumpunja mteja ili hesabu ikae, na mteja akishahisi mizani yako, huhama bila kuaga.

Mianya minne ya kuziba

Wauzaji wanaochota mali ya duka hutumia njia chache zinazojulikana, na kila moja ina dawa yake.

Malipo ya simu kuingia kwenye namba ya muuzaji. Chukua lipa namba kwa jina la biashara, ibandike ukutani mteja aione, na ujumbe wa malipo uingie kwenye simu yako pia.

Cha juu. Muuzaji hupandisha bei na tofauti huweka mfukoni, wewe unabaki na wateja wanaolalamika kwamba duka ni ghali. Bandika bei kwenye kila bidhaa.

Mzigo wa pembeni. Muuzaji hununua katoni yake ya sabuni na kuiuza kwenye rafu yako kabla ya ile yako. Dawa ni kuhesabu bidhaa 10 kwa kushtukiza kila wiki, zile zinazotoka haraka. Katoni ikizidi badala ya kupungua, uliza.

Madeni ya marafiki. Kila deni liandikwe siku hiyohiyo, kwa jina, kiasi na tarehe, na muuzaji awe na ukomo asiouvuka bila ruhusa yako.

Kwa uwakala wa fedha, floti na fedha taslimu zihesabiwe kila asubuhi na kila jioni, na jumla yake isibadilike isipokuwa kwa kamisheni au kwa kiasi ulichoongeza au kutoa wewe mwenyewe. Namba ya siri ya wakala ibadilishwe kila anapoondoka mtu. Pia mfundishe kijana utapeli uliozoeleka: mtu anayejifanya wa huduma kwa wateja akitaka namba ya siri, na ujumbe wa kughushi unaosema fedha zimeingia. Aangalie salio, asiamini ujumbe.

Wewe nawe uwe chini ya utaratibu huo. Mwenye duka anayechota elfu tano tano kwenye droo bila kuandika, au anayechukua mchele wa nyumbani kimyakimya, hawezi kujua shoti ni ya nani. Andika unachochukua.

Shoti ikitokea

Desturi iliyoenea ni kukata mshahara wote mpaka deni liishe. Sheria hairuhusu. Ili umkate mfanyakazi kwa hasara, lazima hasara iwe imetokea akiwa kazini na kwa kosa lake. Umpe kwa maandishi chanzo cha hasara, kiasi chake na namna ulivyokihesabu. Apewe nafasi ya kujieleza na kupinga. Jumla isizidi hasara halisi, na makato yasizidi robo ya ujira wake wa fedha. Kwa mshahara wa 400,000, robo ni 100,000. Shoti ya 180,000 aliyokubali kwamba ni kosa lake italipwa kwa miezi miwili, si kwa siku moja. Kijana asiye na hata nauli ya kuja kazini atapata wapi fedha ya kukulipa, kama si kwenye droo yako?

Kama ushahidi unaonyesha wizi, ripoti polisi kama jinai. Kituo cha polisi kisigeuzwe mahali pa kumtisha mtu asaini deni ambalo wewe mwenyewe hujalithibitisha.

Mshahara, mapumziko na adabu ya kazi

Mshahara ulipwe siku iliyoandikwa, na hati ndogo inayoonyesha makato. Siku moja ya kuchelewesha bila kusema hugharimu heshima yako kuliko makaripio kumi. Kama fedha haijakaa sawa, mwambie kabla ya tarehe. Mkopo wa mshahara uwe na kanuni moja kwa wote: mara moja kwa mwezi, kiasi maalumu, kwa saini.

Akifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo, ana haki ya mapumziko ya saa moja. Kazi ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Kwa mshahara wa 400,000 na saa 45 kwa wiki, saa moja ni karibu shilingi 2,051, na ya ziada karibu 3,077. Siku yote kwa jumla isizidi saa 12. Sikukuu anayofanya kazi hulipwa mara mbili. Kila mwaka ana likizo ya siku 28 yenye malipo. Mama aliyejifungua ana siku 84, au 100 akipata zaidi ya mtoto mmoja. Baba ana angalau siku 3, na kwa msiba wa mzazi, mwenza, mtoto au ndugu wa damu kuna angalau siku 4. Panga mapema nani atashika duka siku hizo. Kumbuka pia kwamba likizo inamleta mtu mwingine kaunta, na mara nyingi ndipo mambo yaliyofichwa hujulikana.

Mengine hayamo kwenye sheria ila yanashika duka. Usimkaripie muuzaji mbele ya wateja, mwite pembeni. Usimwite "wee" mbele ya watu kisha ukategemea wateja wamheshimu. Akifanya vizuri, mwambie leo, usisubiri Krismasi au Idi. Kijana anayejua kwamba akifikisha mwaka ataongezwa kiasi fulani, au atapata asilimia ndogo ya mauzo yanayovuka lengo, ana sababu ya kulinda duka. Anayejua kwamba hata afanyeje atabaki palepale, anatafuta njia yake.

Kuonya na kuachana

Kosa dogo la kwanza halimfukuzishi mtu. Anza kwa mazungumzo, kisha onyo la maandishi linalotaja kosa, tarehe na badiliko linalotarajiwa, naye asaini kwamba amelipokea. Makosa makubwa, kama wizi au kuharibu mali kwa makusudi, yanaweza kumwondoa mtu mara ya kwanza, lakini hata hapo utaratibu una nafasi yake. Mpe tuhuma kwa maandishi, mpe angalau saa 48 za kujiandaa, aje na mfanyakazi mwenzake akitaka, asikilizwe, na uamuzi uandikwe pamoja na sababu. Duka lenye watu wawili halihitaji kikao kikubwa, ila lisikose karatasi.

Mnapoachana kwa kawaida, notisi kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28; akiwa bado kwenye mwezi wa kwanza wa kazi, siku 7. Lipa siku alizofanya na likizo ambayo hakuichukua. Aliyemaliza mwaka au zaidi kwa kawaida ana kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka kamili, hadi miaka 10, isipokuwa aliyeachishwa kwa haki kwa sababu ya utovu wa nidhamu. Mpe na cheti cha utumishi. Hesabuni duka kama mlivyolihesabu siku ya kwanza, msaini, mbadilishe namba za siri, mwagane. Anayeona ameachishwa isivyo haki ana siku 30 za kupeleka shauri CMA, na mwenye karatasi zake mkononi hana sababu ya kuogopa siku hizo.

Kwa hiyo kama unawaza kuajiri mwezi ujao, usianze na simu ya shangazi. Anza wiki hii na mambo matatu: lihesabu duka lako, andika kazi kwenye karatasi, na fungua daftari la jioni ulijaze mwenyewe kwa siku saba. Ukishindwa kulijaza wewe mwenye mali, usitarajie mwajiriwa alijaze.